Shajara ya Mradi: Patani ya Msingi ya Rinda la Kitenge

Lengo

Mradi huu unatengeneza patani (vipande vya karatasi vya kukatia nguo) moja ya msingi ya rinda la kitenge: mwili uliobana kiasi, dati (mikunjo ya kushonwa inayochongoka ili nguo ifuate mwili) za kifua na za kiuno, mkono mfupi wa kupachikwa kwenye tundu lake, zipu ya kujificha mgongoni, na sketi inayopanuka kidogo kuelekea pindoni. Ikikamilika itahamishiwa kwenye kadibodi na kutundikwa ukutani, ili kila mtindo utakaofuata uanzie hapo.

Gikomba, Uhuru Market na kwenye veranda nyingi za Nairobi wapo mafundi wanaopima mteja, wakachora kwa chaki moja kwa moja juu ya kitenge, na nguo ikatoka. Ni ujuzi wa kuheshimiwa. Tatizo ni kwamba haubaki mahali. Nguo ikikaa vizuri hakuna karatasi ya kuirudia; ikikaa vibaya, hakuna anayeweza kuonyesha kosa lilipoanzia, na lawama yote humwangukia aliyekaa kwenye cherehani. Msimamo wetu ni kwamba makosa mengi ya nguo hufanyika kabla uzi haujapita kwenye tundu la sindano: kwenye futi ya kupimia, kwenye karatasi na kwenye meza ya kukatia. Ndiyo maana kurasa nyingi za shajara hii ni za mezani.

Jumatatu: vipimo

Saizi ya kuanzia ni ya kati. Vipimo vya mwili, vyote kwa sentimita: kifua 96, kiuno 80, nyonga 104, shina la shingo 38, bega 12.5, upana wa mgongo 36, mfupa wa shingo hadi kiuno kwa nyuma 41, kiuno hadi nyonga 20.5, mzunguko wa mkono juu 31.

Kabla ya kupima chochote, lastiki nyembamba hufungwa kiunoni na mvaaji hujipinda kulia na kushoto hadi itulie penyewe. Hapo ilipotulia ndipo kiuno kilipo. Bila lastiki, kila anayepima atachagua kiuno chake, na vipimo vyote vya urefu vitayumba. Futi izunguke mwili ikiwa sambamba na sakafu. Ikishuka mgongoni, kifua huongezeka sentimita mbili au tatu za uongo. Mvaaji avae sidiria atakayovalia rinda lenyewe, asimame wima, asiangalie futi. Akiinama kuisoma, urefu wa mgongo huongezeka na wa mbele hupungua.

Vipimo viwili husahauliwa sana, navyo ndivyo vinavyoamua kama rinda litakaa au litaning'inia. Cha kwanza ni urefu wa mbele, kuanzia pale bega linapokutana na shingo, kupita juu ya titi hadi kwenye lastiki: 46. Cha pili kinaanzia nukta hiyo hiyo lakini kinashuka kwa nyuma: 43. Tofauti ni 3, na hiyo ndiyo itakayokuwa upana wa dati ya kifua ubavuni. Anayekisia dati badala ya kuipima atashona mbele iliyo fupi, na kiuno cha rinda kitapanda juu kila mvaaji anapokaa.

Imeongezwa pia: umbali kati ya ncha za matiti 20, na kutoka bega hadi ncha ya titi 27.5.

Jumanne: karatasi

Tumechorea karatasi ya kaki, kwa penseli ngumu iliyochongwa. Mstari mnene wa kalamu una milimita moja; ukiuzidisha kwa mishono minne ya mwili, kila mmoja ukiwa na pande mbili, rinda linapoteza karibu sentimita nzima bila mtu kujua limekwenda wapi.

Nafasi kwanza. Kitenge hakivutiki kama fulana, kwa hiyo nguo lazima iuzidi mwili ili mvaaji apumue, akae na ainue mikono. Tumeweka 8 kifuani, 4 kiunoni na 6 kwenye nyonga. Chini ya 6 kifuani, mishono ya nyuma huanza kutatuka kwapani. Juu ya 10, dati zinapoteza kazi yake na rinda linakuwa gunia.

Kifua 96 na nafasi 8 ni 104, na kwa kuwa tunachora nusu ya mwili, sanduku, yaani mstatili wa kuchorea patani, lina upana wa 52. Mbele imepewa 26.5 na nyuma 25.5, ili mshono wa ubavu usivutwe mbele na kifua. Shingo ya nyuma ina upana wa 7.4, yaani sehemu moja ya tano ya 38 ukitoa 0.2, na inapanda 2 juu ya mfupa wa shingo. Shingo ya mbele ina upana wa 7 na kina cha 7.5. Bega linateremka 4 kwa nyuma na 4.5 kwa mbele. Mstari wa kwapa uko 22 chini ya mfupa wa shingo.

Kiuno ndipo hesabu inapohitaji utulivu. Kinatakiwa kuwa 80 na 4, jumla 84, nusu yake 42. Sanduku lina 52. Kwa hiyo kila nusu ya mwili lazima ipoteze 10, na swali ni zipotezwe wapi. Fundi mwenye haraka huziondoa zote ubavuni. Matokeo yake ni mshono wa ubavu uliopinda kama upinde, huku tumbo na mgongo vikibaki na kitambaa kilichosimama. Sisi tumegawa hivi: dati ya kiuno mbele 3, dati ya kiuno nyuma 3.5, ubavuni 1.5 kwa kila upande, na 0.5 kwenye mshono wa katikati ya mgongo. Jumla ni 10 kamili. Kwenye nyonga mambo yanageuka: 104 na 6 ni 110, nusu yake 55, kwa hiyo ubavu unaongezwa 1.5 mbele na 1.5 nyuma. Kutoka nyonga hadi pindoni kila ubavu unapanuka 3 zaidi.

Ncha ya dati haifiki kwenye ncha ya titi. Dati ya ubavuni inaishia 2.5 kabla yake, na ya kiunoni inaishia 3 chini yake. Zikikutanishwa hapo hapo, kifua kinatoka kimechongoka.

Mkono: tundu la mkono kwenye karatasi lina 45, yaani 22 mbele na 23 nyuma. Kichwa cha mkono, sehemu yake ya juu iliyopinda, kimepewa kimo cha 14 na upana wa 35.5 kwenye kwapa, na mstari wake uliopinda unatoka 47. Ziada ya 2 inatosha. Vitabu vingi huweka 3 hadi 4, na kwa sufu ni sawa kwa sababu sufu hujikusanya chini ya mvuke. Kitenge ni pamba iliyosukwa kwa kubana. Ukikipa ziada ya 4 kitatoa vifundo begani. Tukumbuke pia kwamba kichwa kirefu cha mkono hupendeza mtu akiwa amesimama lakini huzuia mkono kuinuka. Kwa rinda la kuvaliwa kwenye matatu, ambako lazima ushike chuma cha juu, hatukuvuka 14.

Akiba ya mshono, yaani kitambaa kinachobaki nje ya mstari wa kushonea, imeongezwa mwisho, baada ya mistari yote kukaguliwa: 1.5 mabegani, ubavuni na kwenye tundu la mkono, 1 shingoni, 2 katikati ya mgongo kwa ajili ya zipu, 4 pindoni. Ukaguzi wenyewe: weka karatasi ya mbele na ya nyuma begani zikigusana, utazame shingo na tundu la mkono. Mstari upite bila kona. Kisha pima mishono ya ubavu, dati ikiwa imekunjwa. Mbele na nyuma zikitofautiana hata nusu sentimita, rekebisha kwenye karatasi, maana kwenye kitambaa fundi atalazimika kuvuta upande mmoja, na mshono utajisokota baada ya kufuliwa.

Alama za patani: mshale wa mtande (nyuzi za urefu wa kitambaa), kikato (mkato mdogo wa kulinganishia vipande) kimoja mbele ya tundu la mkono na viwili nyuma, kikato kiunoni, idadi ya vipande, na neno "kunjo" kwenye katikati ya mbele.

Jumatano: nguo ya jaribio

Imekatwa kwa amerikani yenye uzito unaokaribia wa kitenge. Khanga kuukuu au shuka la mitumba linafaa pia, mradi halivutiki. Imeshonwa kwa mshono mrefu wa milimita 4 ili iweze kufumuliwa, bila fesingi (kitambaa cha ndani cha kumalizia shingo) na bila kumalizia kingo. Mistari ya katikati ya mbele, kifua, kiuno na nyonga imechorwa kwa kalamu juu ya kitambaa chenyewe. Mvaaji akisimama, mistari hiyo husema ukweli papo hapo: wa kiuno ukipanda mbele, urefu wa mbele hautoshi, wa katikati ukihama, upande mmoja wa mwili ni mkubwa kuliko mwingine.

Kusoma mikunjo ni sehemu ya kazi hii ambayo tungependa kila mwanafunzi wa ushonaji aianze mapema. Mkunjo unaovutika, ule uliokazana kama kamba, unaelekea mahali palipobana. Mkunjo uliolegea na kuning'inia unaonyesha kitambaa kilichozidi. Ukitofautisha hizo hali mbili, umeshajua kama utaongeza au utapunguza.

Jaribio limeonyesha mambo matatu. La kwanza, mkunjo uliolala mgongoni juu kidogo ya kiuno, umelegea: mgongo umebonyea kwa ndani, kwa hiyo urefu wa nyuma umezidi. Tumebana 1.5 kwenye katikati ya mgongo tukapunguza hadi sifuri ubavuni, kisha tukaondoa kiasi hicho hicho kwenye karatasi. Hili ni badiliko la mara kwa mara kwa wanawake wenye makalio ya kujaza, na Nairobi ni wengi. Tumeamua libaki kwenye patani ya msingi.

La pili, tundu la mkono kwa mbele limejiachia, kitambaa kinasimama mbali na mwili kwa kama sentimita moja. Kulikata ili lipungue ni kuharibu zaidi, kwa sababu tundu linapanuka na ziada inabaki palepale. Dawa ni kuhamisha: ziada hiyo hukunjwa kwenye karatasi kuanzia tundu la mkono hadi ncha ya titi, na dati ya ubavuni inapanuka kuipokea. Dati imetoka 3 ikawa 3.8. Tundu la mbele limefupika, kwa hiyo kichwa cha mkono kimepimwa upya na kupunguzwa ili ziada ibaki 2.

La tatu ni la mkono. Ulipopachikwa, mikunjo ya mshazari ilitokea mbele ikishuka kutoka begani. Mkono wenyewe haukuwa mkubwa wala mdogo. Umekaa umeelekea nyuma, ilhali mikono ya binadamu huning'inia ikielekea mbele kidogo. Kikato cha juu cha kichwa cha mkono kimesogezwa 0.7 kuelekea nyuma, ili mkono wote uzunguke kuja mbele. Mikunjo imeondoka.

Ijumaa: kitambaa

Kitenge kinachouzwa Biashara Street na Eastleigh huja mara nyingi kwa peasi la yadi 6, yaani mita 5.49 hivi, na upana wa karibu sentimita 112 hadi 117. Pima upana dukani kabla ya kulipa, kati ya ukingo na ukingo. Sentimita tano zikipungua, mpangilio wa vipande unavunjika.

Si kila kinachoitwa kitenge ni pamba. Chomoa nyuzi chache ukingoni uzichome: pamba huwaka ikinuka kama karatasi na kuacha jivu laini, poliesta huyeyuka, hutoa moshi mweusi na kuacha punje ngumu. Tone la maji nalo husaidia, kwani poliesta hulikataa, ingawa pamba mpya yenye wanga mwingi inaweza kulichelewesha. Tofauti hii ni ya lazima kuijua kabla ya pasi kuguswa: joto la pamba, karibu nyuzi 200, litaharibu poliesta mezani.

Angalia pia kama chapa imenyooka. Fuata uzi mmoja wa mshindio kutoka ukingo hadi ukingo na utazame kama maua au miduara inapanda nao. Chapa ikiwa imepinda sentimita 2 au zaidi, kiache kitambaa hicho dukani. Ukifuata mtande, maua yatapanda upande mmoja wa tumbo. Ukifuata maua, sketi itajisokota. Hakuna ukataji unaotibu hilo.

Kitenge kimelowekwa kwenye maji ya uvuguvugu, kikatundikwa bila kukamuliwa, kikapigwa pasi kikiwa na unyevu kidogo. Pamba hujivuta asilimia 3 hadi 5 kwenye ufuaji wa kwanza, na kwenye rinda la sentimita 100 hiyo ni hadi sentimita 5 za urefu. Kwa baridi ya Julai, kitambaa cha Nairobi hukauka polepole. Kisikatwe kikiwa na unyevu, maana huvutika chini ya uzito wake na vipande hupungua vikikauka. Kitambaa cha gamu, kile kinachogandishwa kwa pasi ili kukaza sehemu ya nguo, nacho kimelowekwa na kukaushwa. Gamu isiyotangulizwa maji ndiyo inayotoa malengelenge shingoni baada ya mteja kufua.

Jumamosi: kukata

Kitambaa kimekunjwa katikati, ukingo juu ya ukingo, upana uliobaki ni 57. Mbele kwenye kunjo ina 32.5 pindoni pamoja na akiba, na kila kipande cha nyuma kina 33.5. Jumla ni 66, haviingii sambamba. Kugeuza kimoja kichwa chini kungebana nafasi kidogo, lakini bado haitoshi, na kitenge chenye ndege au miti hakigeuzwi kamwe. Kwa hiyo vinafuatana: mbele 107, nyuma 107, mikono 30, jumla 244. Tukizingatia kujivuta, yadi 3 zinatosha, na peasi moja hutoa marinda mawili. Ukanda unaobaki pembeni ya vipande vikubwa, wenye kama sentimita 23, umetoa fesingi za shingo na mifuko ya ubavuni. Chapa ikiwa na maua makubwa yanayotakiwa kukutana kwenye mishono, ongeza urefu wa ua moja zima.

Ua kubwa lisiangukie ncha ya titi moja tu. Ama likae katikati ya kifua, ama maua yagawanywe sawasawa pande zote mbili. Patani iliyotobolewa alama ya ncha ya titi hukuwezesha kuliona hili kabla ya kukata.

Mshale wa mtande umepimwa kutoka ukingoni ncha zote mbili, hadi namba zilipofanana. Mkasi umepita ukilaza mguu wake wa chini mezani, kitambaa hakijainuliwa. Vikato ni vya milimita 3 tu. Ncha za dati zimetiwa alama kwa bandi (mishono ya muda) za uzi, kwa sababu chaki hufutika na kalamu hutokeza upande wa pili pasi ikipita.

Jumatatu: mwili

Sindano namba 14, ambayo pakiti huandika 90, uzi wa poliesta, mshono wa milimita 2.5. Jaribio limefanyika kwanza kwenye kipande cha kitenge hicho hicho kikiwa kimekunjwa mara mbili. Uzi wa bobini ukionekana juu, mvuto wa uzi wa juu umezidi. Uzi wa juu ukining'inia kwa vitanzi chini, haukuingia vizuri kwenye visahani vya mvuto, na karibu kila mara dawa ni kutunga upya huku mguu wa kukandamiza umeinuliwa. Sindano ikianza kutoa sauti ya kugonga ngozi, ibadilishe. Kitenge hukumbuka kila tundu. Mshono uliofumuliwa huacha mstari wa vitobo vinavyoonekana mara nyingi hadi nguo ifuliwe.

Shingo imeshonwa mshono wa kuzuia mara tu ilipotoka mezani, milimita 8 kutoka ukingoni, kuanzia begani kuja katikati kila upande. Sehemu hiyo ina mshazari, na kuibebabeba tu inatosha kuivuta sentimita moja.

Dati hushonwa kuanzia pana kuelekea nchani. Sentimita 1.5 za mwisho zipite karibu kabisa na kunjo, mshono ukipunguzwa hadi milimita 1.5, kisha utoke nje ya kitambaa. Usirudishe nyuma kwenye ncha. Kurudisha hutengeneza kifundo kigumu, na hicho ndicho kinundu kinachosimama juu ya kifua kikikataa kila pasi. Acha nyuzi za sentimita 3 uzifunge kwa mkono. Dati za kiuno zimelazwa kuelekea katikati, za kifua kuelekea chini, zote zikipigwa pasi juu ya mto mgumu uliojazwa vumbi la mbao, kwa sababu meza bapa hubapisha umbo ulilotoka kulijenga.

Pasi hushushwa, hukandamizwa, huinuliwa. Kuisukuma kama mtu anayenyoosha shuka huvuta mshazari. Kila mshono umepigwa pasi kabla ya mshono mwingine kuukatiza, na sheria hii haina msamaha: mshono uliokatizwa bila pasi haufunguki tena vizuri. Stima ikipotea, cherehani ya miguu inaendelea na pasi ya makaa inaendelea, ila jivu lipulizwe nje kwanza.

Zipu imewekwa mgongo ukiwa bado umefunguka bapa, kabla ya ubavu kufungwa. Urefu wake ni 56, unafika zaidi ya 15 chini ya kiuno. Ikiishia kiunoni, nyonga 104 hazipiti. Akiba ya mshono imegandishwa ukanda wa gamu wa 2.5 kwa urefu wote wa zipu, meno yamefunguliwa kwa pasi isiyo na joto kali, na kiuno kimetiwa alama pande zote mbili za zipu ili zikutane. Zipu inayotoka na mawimbi haikuharibika dukani. Kitambaa kilivutika kikiwa chini ya mguu huku utepe wa zipu ukibaki na urefu wake. Bandi za mkono kwanza, kisha cherehani, na mkono usivute mbele wala nyuma.

Fesingi ya shingo imekatwa ndogo kwa milimita 2 kuliko shingo. Baada ya kushona, akiba mbili zimepunguzwa kwa ngazi, moja 6 na nyingine 4 za milimita, zikakatwa vikato kila sentimita moja, kisha fesingi imeshonewa kwenye akiba hiyo milimita 2 kutoka mshononi. Mshono huo hauonekani rinda likivaliwa, nao ndio unaozuia fesingi kuchungulia nje.

Jumanne: mikono

Safu mbili za mshono wa milimita 4 zimepigwa kwenye kichwa cha mkono, 0.8 na 1.2 kutoka ukingoni, kati ya vikato vya mbele na vya nyuma pekee. Ziada yote hukaa juu. Nusu ya chini ya tundu haipewi hata milimita. Nyuzi huvutwa hadi kichwa kijikunje kama kikombe bila kutoa kikunjo kidogo hata kimoja, kinapigwa pasi juu ya mto, kisha ndipo kinapachikwa, mkono ukiwa juu machoni pa mshonaji. Chini ya kwapa akiba imepunguzwa hadi 0.7. Kingo zimemaliziwa ovaloki, akiba imelazwa kuelekea mkononi.

Alhamisi: pindo

Rinda limening'inia kwenye hanga usiku kucha. Ubavu wa sketi inayopanuka una mshazari kiasi, nao hushuka. Pindo likipimwa siku ileile ya kushona, pembeni patakuwa parefu wiki ijayo. Asubuhi limepimwa kutoka sakafuni kwenda juu, mvaaji akiwa na viatu vyake. Kwa kuwa ukingo wa chini ni mpana kuliko mahali unapokunjiwa, safu ya mshono mrefu imepigwa 0.5 kutoka ukingoni na kuvutwa kidogo. Pindo limeshikizwa kwa mkono, sindano ikichukua uzi mmoja au miwili tu ya kitenge.

Saizi nyingine

Kutoka 96 kwenda 92 na 88, na kupanda 100 na 104, hatua ni 4 za mzunguko mzima, yaani 1 kwa kila robo ya patani. Sentimita hiyo haiwekwi yote ubavuni: 0.2 inaenda upana wa shingo, 0.3 begani, 0.5 ubavuni. Tundu la mkono linashuka 0.3, na mkono unapimwa upya kila saizi hadi ziada irudi 2. Kila kadibodi imeandikwa kifua kwa sentimita badala ya namba za madukani. Saizi 14 ya Uingereza ni 10 ya Marekani, na mitumba imezichanganya namba hizo zote kwenye hanga moja.

Juu ya 104 hatutaendelea kuongeza kwa hatua hiyo hiyo. Kifua kinapokua mabega hayakui kwa kiasi hicho, na anayepanua patani yote kwa usawa hupata shingo inayoanguka na mkono unaoanzia nje ya bega. Saizi ya 110 itachorwa upya kuanzia kwenye vipimo viwili vya urefu wa mbele na wa nyuma, dati yake ya kifua ikitoka kwenye tofauti hiyo, na itapitia amerikani yake yenyewe kabla ya kadibodi. Karatasi ya kaki imeshakatwa kwa ajili hiyo. Kinachosubiriwa ni vipimo vya mvaaji.